Mashine Iliyofunzwa Kusema Shikamoo

Jumanne, 7 Julai 1987

Leo nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Hata sijui kama ni kazi.

Yule daktari Mtaliano – Daktari Ornella, si wa dawa, wa mahesabu – amekuja kwa Badi, mwenye tanuri letu, kununua mikate kama kawaida yake. Mimi nilikuwa ndani natoa trei tanurini. Nikasikia anamuuliza Badi kama anamjua mtu anayesoma kidogo. Asiwe msomi. Asiwe asiyejua kabisa. Wa katikati.

Badi hakufikiri hata. Amesema mchukue Gerishom, aliacha shule darasa la tano, na hasemi, hata akikuharibia kitu hutasikia kelele. Athman, mwenzangu wa kazi, alicheka mpaka unga ukamwingia puani.

Daktari akachungulia. Mimi nikaangalia trei. Akauliza alasiri nina nafasi? Nikatikisa kichwa, sijui nilikitikisa vipi, lakini yeye ameelewa ndiyo.

Basi kesho saa tisa. Ile nyumba ya mawe hapa Shella, Malindi, jirani na kwa Bi Kibibi ninapopanga. Ile yenye mtambo wa baridi dirishani unaodondoshea wapita njia maji.

Jumatano, 8 Julai

Unavua viatu mlangoni. Nilifikiri ni heshima, kumbe ni vumbi. Nilikuwa nimeoga vizuri, lakini Bwana Thuku ameona unga kwenye nywele akanirudisha bombani!

Huyu Thuku ndiye fundi wa kompyuta. Mtu wa Nyeri, kijana bado, miwani, anaongea mbio. Ati usiogope, hii kitu haiumi, ukikosea inasema tu haijaelewa, haichapi mtu.

Baridi humo ndani! Kama kwetu Maragoli mwezi wa saba. Kuna meza, kioo kama cha televisheni, herufi za kijani, na mbele yake kama taipu. Na simu. Thuku anasema mashine yenyewe haiko hapa. Hii ni mlango tu. Yenyewe iko Italia, kubwa kama nyumba. Akapiga simu, akaulaza mkono wa simu kwenye vikombe viwili vya raba. Ikalia – weee! Kama paka wawili juu ya mabati. Thuku akatabasamu kama mtu amesikia mtoto wake.

– Wanaongea hao, akasema.

Halafu kioo kikaandika: MTI GANI?

Hivyo tu. MTI GANI. Nikakaa. Thuku akaniambia jibu basi. Nikaandika kwa kidole kimoja: HUJAMBO.

SIELEWI. MTI GANI?

Nikaandika HABARI ZA LEO.

SIELEWI. MTI GANI?

Thuku akauliza kwani nafanya nini. Sikuweza kumwambia. Siku ile nimefika Malindi nilimwendea Bi Kibibi nikasema tu mama, kuna chumba? Yeye akasema toka nje, piga hodi, uanze upya. Nilianza upya mpaka nikapatia. Tangu siku hiyo mimi hapa hata mbuzi namsalimia kwanza.

Mwisho nikaandika MKOROSHO. Ikaniuliza majani, maua, shina, ndiyo au la. Nikajibu ya kubuni, mkorosho ninautoa wapi? Ikasema mti wangu una ugonjwa wa shina, niukate. Nimeuhurumia huo mti, na haupo!

Ijumaa, 10 Julai

Sasa nimeelewa. Nchi nne zimeshikana. Italia ina hiyo mashine kubwa. India, mji unaitwa Bangalore, ndio walioiandikia akili. Walikaa na mabwana shamba, wakachukua yaliyo kichwani mwao wakayatia ndani. Sisi na Tanzania tumetoa mashamba na watu. Kila nchi ina zamu yake kwenye mashine. Yetu alasiri, baada yetu Mtwara. Thuku anasema mashine kama hii hata Ulaya wanaigombania, na sisi huku tumepewa saa zetu bila kupiga magoti. Akisema hivyo miwani inaingia ukungu.

Lakini kuna neno. Mwisho wa mwezi wa nane wanakuja wageni, wakubwa wa huo ushirika. Wanataka kuona kama watu wa kawaida wanaitumia. Kama wanaitumia, mlango huu unabaki Shella na mwingine utafunguliwa Kilifi. Kama hawaitumii, inafungwa kwenye sanduku, inakwenda Nairobi kwa maprofesa, basi.

Mimi ndiye mtu wa kawaida wa kwanza.

Sitaki iende. Sijui kwa nini moyo umeshika haraka hivi. Maishani mwangu ni mahali pa kwanza walipotafuta darasa la tano wakafurahi kulipata.

Bi Kibibi amenihoji barazani.

– Hiyo kubwa iko Ulaya?

– Ndiyo, Bi Kibibi.

– Na hii ya hapa ni dirisha.

– Ndiyo.

– Na huko Ulaya yaujua mnazi wa Mambrui?

Nikasema imefundishwa. Akauliza na nani. Nikasema na Wahindi. Akafikiri.

– Wahindi wana minazi, akasema. Haya.

Jumatatu, 13 Julai

Mlango umefunguliwa kwa watu wote leo. Badi amemtangazia kila mnunua mkate. Wamekuja! Viatu mlangoni kama msikitini. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia wasiojua taipu. Wananong'ona, mimi naandika. Kunong'onezana naweza.

Wa kwanza mzee wa Mambrui, kanzu imepigwa pasi. Ameniambia nianze kwa salamu. Nikaandika ASALAMU ALEIKUM.

SIELEWI. MTI GANI?

Mzee hana miwani. Akauliza yasemaje? Nikamwangalia Thuku. Thuku akasema inauliza mti gani.

– Nimeitolea salamu ya Mungu, yaniuliza mti?

Akainuka polepole. Akavaa viatu. Amefika mlangoni akageuka:

– Kitu hiki hakina wazazi.

Na wa pili hivyo. Na akina mama wa hapa Shella, wameisalimia vizuri, wakangoja, wakatazamana, wakaondoka. Mmoja ameuliza kama ni kiziwi. Mfanyakazi wa hoteli, mtu wa Kisii, yeye hakusalimia, akauliza mnazi wake, akajibiwa, akaenda. Huyo mmoja tu!

Jioni viti vitupu. Thuku amekaa anatafuna mkate mkavu. Ati miaka mitatu ya kazi, nchi nne, simu mpaka Ulaya – watu wanakasirika kwa sababu tu haikuwaambia habari yako?

Nikasema ndiyo. Akaniangalia kama ndiyo kwanza anajua nina sauti.

Alhamisi, 16 Julai

Jana Daktari Ornella alikwenda mwenyewe kwa Bi Kibibi. Amepiga hodi, amengoja, amesalimia moja baada ya nyingine bila kuruka. Bi Kibibi ameniambia baadaye huyo mzungu amelelewa.

Basi leo Bi Kibibi amekuja ofisini na buibui lake jipya. Birika la kahawa Thuku amelizuia mlangoni, kidogo tuvunje ushirika papo hapo. Akapewa kiti cha Thuku. Thuku akasimama na taipu kama mwanafunzi.

Kazi ikaanza. Alasiri nzima. Bi Kibibi anasema, Thuku anaandika. Akija Muislamu, akija Mkristo, akija mtu wa asubuhi, akija mtu wa magharibi. Halafu wakafika kwenye shikamoo, wakakwama. Nani amwamkie nani? Thuku akasema mashine ni mtambo mkubwa, wa serikali nne.

– Ina umri gani?

– Miaka miwili.

– Basi ni kitoto. Yaamkia kila mtu.

Thuku akafungua mdomo akaufunga. Daktari Ornella akasema kwa Kiswahili chake: Bwana Thuku, andika, mtoto ana adabu. Nikacheka kwa sauti! Wote wakageuka. Nikainama kama natafuta kitu chini.

Jumamosi, 25 Julai

Inaamkia! Ukikaa tu inaandika SHIKAMOO. Inangoja. Ukisema marahaba inauliza HUJAMBO, halafu HABARI ZA NYUMBANI, halafu HABARI ZA SHAMBA, ndipo, ukiwa na shida, taratibu inaingia kwenye miti. Thuku amefanya kazi nzuri. Anajidai hajali lakini kila mtu akisema marahaba namwona anakohoa.

Mji mzima umesikia. Foleni imefika mpaka kona ya duka la mafuta ya taa. Mzee wa Mambrui amerudi na nduguze wawili. Amesema kumbe kimepata mlezi.

Athman naye amekuja, hana hata mchicha. Ameamkiwa, ameandika marahaba, amesimama, akarudi mwisho wa foleni! Ati, yakhe, mimi ni kitindamimba, nyumba nzima tangu nizaliwe naamkia tu, leo nimepata wa kuniamkia, niache nishibe. Thuku amemfukuza akiwa wa tatu kwenye foleni.

Alhamisi, 6 Agosti

Siandiki sana kwa sababu nachoka. Asubuhi mikate, alasiri mashine. Vidole sasa naandika kwa viwili! Mtu akiinama kunieleza naandika kabla hajamaliza. Akina mama wananiita kijana wa mashine. Badi ananiita mkurugenzi. Nimezoea kidogo. Kidogo tu. Wakinitazama wengi kwa pamoja bado vidole vinageuka mihogo.

Thuku ameniambia siku ya wageni mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti, wao wamesimama nyuma.

Watu wengi wanaingia na uso mzito wanatoka hivyo hivyo. Sielewi.

Alhamisi, 13 Agosti

Pigo.

Daktari Ornella alikuwa amepeleka taarifa Italia: watu wengi, furaha, kila siku foleni. Leo jibu limerudi kwa teleksi. Thuku amenisomea. Wameangalia majibu yote ya Malindi wakaona ajabu: mikorosho ya huku haina ugonjwa. Minazi mizima. Kila shamba zima. Pwani ya Malindi na Kilifi ndiyo pwani yenye afya kuliko zote walizowahi kuona. Hongera. Kwa hivyo mashine ya huku haina kazi, na baada ya wageni kupita itapelekwa Nairobi.

Hongera!

Thuku hakula. Daktari Ornella amekaa na teleksi mapajani anasema inawezekanaje, yeye mwenyewe ameona kwa macho yake mikorosho imekauka barabara ya Gede.

Bi Kibibi amempita Thuku barazani akamuuliza habari za leo. Thuku akasema nzuri.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimecheka leo mpaka mbavu zikauma. Na bado mashine inaondoka. Lakini ngoja nieleze.

Amekuja Mzee Ngala kutoka Tezo, na binti yake Easter. Mikorosho yake mwaka huu maua yanatoka, yanashika unga mweupe, yanakauka. Alinieleza yote hayo nje tukingoja. Huyu binti kila baba akisema neno anaongeza jingine. Ameniuliza mbona nina unga masikioni, nami ni mkorosho? Sikujibu. Niliosha lakini!

Tukaingia. SHIKAMOO. Mzee: marahaba. Amefurahi huyo. HUJAMBO. Sijambo. HABARI ZA NYUMBANI? Nzuri. HABARI ZA SHAMBA?

– Nzuri, akasema Mzee Ngala.

Nikaandika NZURI.

Kioo kikaandika: SHAMBA LAKO NI ZIMA. HONGERA. KWAHERI YA KUONANA.

Mzee akabaki ameinama. Akaniuliza imekwisha? Easter akaruka.

– Baba! Si umekuja kwa sababu ya maua?

– Ndiyo.

– Mbona umeiambia nzuri?

– Imeniuliza habari, mwanangu. Nianze na msiba? Mimi nimelewa?

Easter akamgeukia Thuku. Huyu binti haogopi miwani. Akamuuliza:

– Kaka, hii imefundishwa na nani, polisi? Mtu anakujibu nzuri, wewe unamfungia mlango?

Thuku akasimama. Akaketi. Akaiambia mashine imwonyeshe majibu ya watu wote tangu ianze kuamkia. Yakapanda kwenye kioo, ya kijani, moja baada ya jingine. NZURI. NZURI. SALAMA. NZURI SANA. NJEMA. NZURI. ALHAMDULILLAHI – hiyo Thuku mwenyewe aliifundisha kuwa ni sawa na nzuri. Watu wote wale! Nami niliyewaandikia nilidhani mashamba yao ni mazima kweli. Na miti yao nyumbani imekufa! Walikuwa wanasubiri kuulizwa tena, mashine inawatakia kwaheri.

Thuku akavua miwani. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, ameteremka mpaka sakafuni. Ati hata yeye! Siku ya teleksi, roho inamtoka, Bi Kibibi amemuuliza habari, naye amesema nzuri! Na yeye ni mtu wa bara, wa Nyeri!

Mzee Ngala akacheka naye, kwa heshima. Halafu akauliza tena kuhusu maua.

Jumatano, 19 Agosti

Bi Kibibi kwenye kiti tena. Safari hii Thuku amemletea kahawa mwenyewe, wakanywea nje kwanza.

Amesema nzuri ni mlango. Mtu hakutolei yaliyo chumbani akiwa mlangoni. Kwa hivyo mashine iulize habari za shamba, iambiwe nzuri, ishukuru. Halafu iulize tena – na mikorosho je? Itaambiwa nzuri vilevile. Ishukuru. Halafu iulize na maua yenyewe, yaendeleaje? Hapo ndipo atakapokufungulia.

– Kila mtu mara tatu? Thuku akauliza. Kwa bei ya simu ya Italia?

– Kwani wataka ukweli wa bei rahisi?

Thuku akaandika.

Na bado hakumaliza. Amesema baada ya kwaheri iulize kuna jingine? Maana mtu wa huku neno lililomleta hulisema akishasimama kwenda. Basi akishaambiwa kwaheri, iweke nafasi, aseme lolote, hata lisilo la miti, na lipelekwe kwa watu walisome.

Thuku amewaandikia Bangalore kuwaeleza. Alikuwa anaona aibu. Wamejibu jioni hiyo hiyo. Teleksi fupi. Thuku amenitafsiria: hata kwetu mtu husema vizuri kwanza, tulisahau kwa sababu ofisini tunaongea Kiingereza.

Sasa shida moja. Italia wanayo bado taarifa ile ya pwani yenye afya. Daktari amewaandikia wangoje. Wamejibu wageni wataamua wenyewe wakifika, kwa macho yao. Tarehe ishirini na saba.

Jumapili, 23 Agosti

Nimekwenda Tezo na mikate ya Badi. Sababu ya kweli ni kwamba Easter alisema njoo uone miti, usiandike usiyoyajua. Nimeona. Maua meupe kweli, kama mtu amepepeta unga juu yake. Ukigusa unabaki kidoleni. Mzee Ngala anapita chini yake akigusa shina moja moja. Nikamuuliza habari za shamba. Nzuri. Nikamuuliza na mikorosho? Nzuri. Nikamuuliza na maua?

Akakaa chini. Tuliongea mpaka jua likaelekea kuchwa. Mimi! Nimeongea!

Easter alileta uji. Amesema kumbe una ulimi, ulikuwa umeuficha kwenye tanuri. Nikasema ndiyo, kuna joto. Alicheka. Nimerudia jibu hilo njia nzima mpaka Malindi, lilikuwa jibu zuri.

Mzee atakuja siku ya wageni. Atakaa kwenye kiti na mimi nitamwandikia.

Jumatano, 26 Agosti

Kesho. Athman ameniambia nifikiri wageni ni mikate. Badi amenipa ruhusa na shati lake. Mikono mirefu kidogo.

Bi Kibibi ameona sili, ameniuliza habari za tumbo. Nzuri. Akaniuliza tena.

Nikasema linaniuma.

Alhamisi, 27 Agosti

Naandika nje, uani, nimeegemea ukuta. Haraka. Stima imepotea. Wote wako ndani gizani na baridi inaisha. Niandike kabla haijarudi.

Wamefika saa tisa. Mkuu wao ni mama wa Kihindi, Daktari Vasanthi, mfupi, nywele nyeupe, na sari, na soksi – amevua viatu kabla hajaambiwa. Mtaliano mmoja mwenye ndevu. Na bwana mmoja wa Dar es Salaam, mcheshi, amewasalimia watu wa foleni mmoja mmoja mpaka Mtaliano akaangalia saa. Wana ndege jioni.

Mtaliano amesema mbele ya wote, Daktari Ornella akitafsiri, kwamba mashine ni nzuri lakini hapa hakuna ugonjwa, na Nairobi wanaisubiri. Sanduku lake hata limekuja, liko kwenye gari. Nimeliona! Jipya, lina kufuli.

Nikakaa kitini. Mzee Ngala pembeni yangu, Easter nyuma yake. Wageni nyuma yetu. Nasikia wanapumua. Vidole mihogo mitupu. Thuku akapiga simu, paka wakalia, kioo kikawaka.

SHIKAMOO.

Nikakosea. Niliandika MARABAHA. Nikafuta. Nikakosea tena. Mzee akaweka mkono kwenye goti langu akanong'ona, mwanangu, wewe andika, mimi nitasema polepole.

Shamba nzuri. Mikorosho nzuri. Mtaliano akasema kitu kwa lugha yao, kama kusema, unaona? Daktari Ornella akamwinulia kidole, ngoja. Kikaandika: NA MAUA YENYEWE, YANAENDELEAJE?

Mzee Ngala akavuta pumzi.

Basi akaanza. Na mimi nikaanza. Unga mweupe. Tangu lini. Upande gani wa shamba. Mashine inauliza, yeye anajibu, mimi naandika, vidole viwili, halafu sijui vingapi. Nilisahau. Nasema kweli, niliwasahau wale watu! Mashine ikasema ni ugonjwa wa ukungu, anyunyizie dawa ya salfa asubuhi, na ikamweleza kiasi gani. Mzee akaitika kila neno kama inamwona. Nyuma yangu mama mkuu akamuuliza Thuku kama majirani wa mzee wana ugonjwa huo? Easter akajibu kabla ya tafsiri: Tezo nzima!

Kikaandika KWAHERI. KUNA JINGINE?

Mzee alikuwa ameshasimama. Akakaa.

Ndiyo, akasema. Kuna jingine.

Mchwa. Mvua iliyokuja kabla ya wakati. Mwanawe aliye Mombasa hataki kurudi kuvuna, anasema korosho hazina maana. Bei ya magunia. Mkorosho ule wa babake ulio mpakani, je, ukinyunyiziwa salfa kwa uzee ule utastahimili? Mimi naandika. Thuku anaminya mikono, zamu yetu inakwisha, baada yetu ni Mtwara, nao wana foleni yao. Mtaliano akaonyesha saa. Bwana wa Dar akatafsiri kila kitu kwa sauti ndogo, na mama mkuu akamwambia Mtaliano neno moja tu, na Mtaliano akaketi kwenye boksi la karatasi.

Nilikuwa naandika MKOROSHO WA BABA pale stima ilipokwenda. Puu. Giza, maana mapazia yamefungwa.

Nikadhani imekwisha. Lakini mama mkuu ameketi chini kwenye mkeka na sari yake, karibu na Mzee. Anamuuliza kwa mdomo. Bwana wa Dar katikati. Mzee anajibu. Nawasikia kupitia dirisha sasa hivi. Wanaongea juu ya mchwa. Kwao pia wako!

Dereva alikuja kusema ndege. Mama mkuu hakugeuka. Dereva amerudi, amezima injini, amenunua mkate kwa Athman anayetembeza kwenye foleni. Foleni haijapungua. Mzee wa Mambrui anawaambia wenzake yeye ndiye wa kwanza kukisalimia.

Simu inafanya kazi, stima ndiyo haipo. Bwana wa Dar amewapigia Mtwara. Amewasalimia muda mrefu. Halafu ametoka mlangoni anapiga makofi: Mtwara wametuachia zamu yao ya leo! Mzee amalize. Lakini wanaomba kila atakachojibiwa kiende na kwao, maua yao yana unga uleule.

Thuku amemuuliza mama mkuu kwa Kiingereza, nimesikia neno Nairobi. Sikusikia jibu. Mtaliano ametoka kwenda kwenye gari. Amefungua mlango wa nyuma, pale penye sanduku. Amesimama hapo. Anamuuliza dereva kitu kwa mikono, kama lina nafasi gani, au kama linaweza kukaliwa, sielewi. Analitoa. Wawili wanalibeba huku, zito, wanaliweka chini, Mtaliano analikalia kama kiti –

Stima! Mtambo wa baridi umelia. Ndani wanapiga kelele. Easter yuko mlangoni, peku, ananiita, Gerishom, ingia, baba anasema uliachia kwenye mkorosho wa babu na hajamaliza –